Chasisi tatu, waya mmoja: mwaka na nusu na Dell M1000e

Nianze na uzito, maana hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa na vijana wa mkokoteni. Chasisi ya Dell M1000e, yaani sanduku kubwa la chuma linalobeba seva nyembamba ziitwazo bledi, ikiwa tupu kabisa, bila bledi, bila pawa saplai, bila chochote, ina kilo 44 na ushee. Ikijaa inakaribia kilo 179. Zetu zilikuwa tatu, zimetoka Dubai zikiwa zimeshatumika, na ofisi yetu ipo Sinza, Dar es Salaam, ghorofa ya pili, jengo lisilo na lifti. Kijana mmoja aliinua pembe ya sanduku la kwanza, akairudisha chini taratibu, akaniangalia. "Dada, hili friji la nani?" Siku nzima ikaisha tunachomoa vitu ndani na kuvipandisha kimoja kimoja kama watu wanaohama usiku. Ukinunua, fanya hivyohivyo. Usikubali fundi yeyote akuambie "tutabeba tu".

Kwa asiyeijua, M1000e ilitoka mwaka 2008. Inakula uniti 10 za raki, lile kabati la chuma la kufungia seva. Mbele ina nafasi 16 za bledi za nusu kimo. Nyuma kuna feni tisa, nafasi sita za pawa saplai, nafasi sita za moduli za mtandao, na nafasi mbili za CMC. Hiyo CMC ni bodi ya usimamizi, ndiyo yenye habari zote za nyumbani: bledi ipi imewashwa, feni ipi imechoka, umeme kiasi gani unaliwa. Bodi moja inafanya kazi, ya pili inakaa akiba. Bledi zetu ni M620, za mwaka 2012. Kwa mifumo ya shule na zahanati tunayoitunza, zinatosha na kubaki.

Ila sikukaa kuandika habari ya bledi. Ninachotaka kukisifia, na kukilalamikia kidogo, ni jambo ambalo wauzaji hawalitaji kabisa: chasisi hizi unaweza kuzifunga moja nyuma ya nyingine kama mabehewa, kupitia CMC, na mtandao mzima wa usimamizi ukatoka kwenye raki kwa waya mmoja. Au nyaya mbili, kama una bodi za akiba.

Fanya hesabu uone utamu wake. Kila bledi ina iDRAC yake, yaani kile kijikompyuta kinachokuwezesha kuwasha seva, kuizima na kuona skrini yake ukiwa umekaa kwako. Chasisi tatu zikijaa ni iDRAC 48. Kwa seva za kawaida za raki, ukitaka kila iDRAC iwe na waya wake, hizo ni nyaya 48 na swichi kubwa ya mtandao ya kuzipokea. Hapa iDRAC zote zinatoka nje kwa kupitia CMC. Sisi tuna swichi ndogo ya matundu nane kwa ajili ya usimamizi, na tunatumia mawili. Ukizunguka nyuma ya raki yetu unaona ukuta. Nimefanya kazi kwenye vyumba vya seva ambavyo nyuma ya raki huoni hata raki yenyewe.

Kikomo cha mnyororo ni chasisi nne. Anayeshangaa kwa nini nne na si kumi, apime raki yake: raki ya kawaida ina uniti 42, chasisi nne zinachukua 40. Waliwaza raki moja, wakaishia hapo.

Nyuma ya kila CMC kuna matundu mawili ya mtandao, yamekaa jirani, yanafanana kama mapacha. Moja limeandikwa Gb, jingine STK. Maandishi ni madogo, na wewe unakuwa umeinama nyuma ya raki, feni zinakupulizia joto usoni, simu umeing'ata mdomoni ikuwashie tochi. Kanuni yenyewe ni nyepesi kuliko kuisoma. Gb ya chasisi ya kwanza inakwenda kwenye swichi. STK ya kwanza inakwenda kwenye Gb ya pili. STK ya pili inakwenda kwenye Gb ya tatu. STK ya mwisho inabaki wazi. Kama una bodi za akiba, unajenga mnyororo wa pili pembeni kwa mpangilio uleule, bodi za akiba peke yake, na kamwe huziungi bodi mbili za chasisi moja zenyewe kwa zenyewe.

Kanuni nyepesi hiyo imenitoa jasho mara tatu, na mara mbili kosa lilikuwa langu.

Mara ya kwanza ilianzia kwa muuzaji. Alinipa karatasi yenye nywila za chasisi zote tatu, mwandiko mzuri kabisa wa mtu aliyesoma. Hakuna hata moja iliyofungua. Nikampigia, akasema nijaribu kwa herufi kubwa. Nikajaribu. Nikampigia tena, simu ikawa inaita tu. Kwa bahati CMC ina kijipini kwenye bodi cha kurudisha nywila ya kiwandani: unatoa bodi ya akiba kwanza, unachomoa ile inayofanya kazi, unahamisha kijipini, unairudisha, unaingia kwa jina root na nywila calvin, unabadilisha, halafu unarudisha kijipini mahali pake. Jambo moja ambalo ungependa kuambiwa mapema: chasisi ikibaki bila CMC hata moja, feni zote tisa zinapanda hadi mwisho wa uwezo wake. Haziungui na seva zinazofanya kazi hazizimi. Feni zimekosa wa kuziambia zipungue, basi zinajilinda. Mlinzi wetu, mzee mwenye miaka yake, alipanda ngazi mbio. Nikamwamkia, akaitikia huku anachungulia ndani. "Marahaba. Mwanangu, mmewasha jenereta humu ndani?"

Nilipoingia nikakuta mipangilio ya mwenye mali wa zamani imejaa kila mahali, majina ya watu nisiowajua, anwani za mtandao wa kampuni nisiyoijua. Sikutaka kufukua kimoja kimoja. Kwenye kila chasisi nikapiga amri ya `racadm racresetcfg`, ikarudi kama ilivyotoka kiwandani, nikaridhika sana na nafsi yangu, nikafunga mnyororo.

Anwani ya kiwandani ya CMC ni 192.168.0.120. Chasisi zote tatu, waya mmoja, anwani moja.

Dalili zake zinachekesha ukishazielewa. Nafungua ukurasa, naona bledi 16. Naupiga upya, naona bledi 12. Naupiga tena, nywila imekataliwa. Nikaingia kwa ile niliyodhani ni chasisi ya pili, nikaiamuru taa yake iwake na kuzima, `racadm setled -m chassis -l 1`, nikaenda nyuma ya raki kuangalia. Taa iliyokuwa inapepesa ni ya chasisi ya kwanza. Nikasimama pale kama dakika nzima nikiitazama inavyonikonyeza. Dawa ni kuanza upande wa mbele kabla hujagusa waya wowote: kila chasisi ina kijiskrini cha rangi kinachochomoza, chenye vitufe vya mishale, na hapo unaipa anwani yake. Kinakuuliza lugha pia, Kiingereza, Kifaransa, Kijapani na nyingine kadhaa. Kiswahili hakimo. Au kaa na kila moja peke yake kwa waya wa seri (serial), unaotoka kwenye laptopu moja kwa moja hadi CMC, na uandike `racadm setniccfg -m chassis -s`, kisha anwani, barakoa ya mtandao (subnet mask) na lango (gateway). Zetu sasa zinaishia na 11, 12 na 13, juu kwenda chini, kama zilivyopangwa kwenye raki. Mgeni akiingia hahitaji kuuliza ipi ni ipi.

Mara ya pili ndiyo ofisi nzima inaikumbuka. Ilikuwa Ijumaa, saa sita na nusu mchana, wenzetu wanajiandaa kwenda msikitini. Tuna kijana hapa, mwepesi wa kujifunza, alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya HPE Synergy, mfumo wa bledi wa kampuni nyingine. Kule chasisi wanaziita fremu, na kanuni ya kule ni pete: moduli za mwisho zinarudi kuunganishwa na za mwanzo, ili waya mmoja ukikatika mawasiliano yapite upande wa pili. Ni ubunifu mzuri, naukubali. Kijana akatazama nyuma ya raki yetu, akaona STK ya chasisi ya tatu iko wazi, akaona swichi ina matundu ya bure. "Dada, huku mmesahau kufunga." Nikiwa na simu sikioni nikamjibu, "Malizia basi." Neno langu hilo, sina wa kumsingizia.

M1000e haina pete. Ukirudisha mkia kwenye swichi umetengeneza kitanzi, na kitabu chake cha maelekezo kinakataza waziwazi Gb na STK zisiingie kwenye mtandao mmoja. Kinachotokea ni hiki: vifaa vya mtandao kila wakati vinatuma ujumbe wa kuwauliza wote, "fulani yuko wapi?" Swichi inausambaza kila tundu. Kukiwa na kitanzi, ujumbe uleule unazunguka na kurudi, unasambazwa tena, unarudi tena, hadi hakuna nafasi ya kingine chochote. Swichi yenye akili inaziba tundu moja ikigundua mzunguko. Yetu ilikuwa ile ya bei rahisi, ya kuchomeka na kusahau. Na kwa uvivu wangu nilikuwa nimeiunganisha na mtandao wa ofisi, ili nifungue CMC nikiwa mezani kwangu.

Taa za swichi ziliacha kupepesa kila moja kwa wakati wake, zikaanza kupepesa zote kwa pamoja, kwa kasi, kama za harusini. Simu za mezani zikafa. Mashine ya risiti kwa mhasibu ikagoma. Mhasibu akatokea mlangoni, kashika pochi, na kwa sauti ya upole iliyonitisha kuliko kelele akaniuliza kama ni sisi. Kijana ndiye aliyewahi kurudi nyuma ya raki na kuchomoa. Sekunde chache, kimya, taa zikarudi kila moja na mdundo wake. Yote hayo hayakufika dakika nne.

Wakati huohuo, na hili nataka lieleweke vizuri, hakuna shule wala zahanati iliyoona chochote. Mifumo yao ilikuwa hewani muda wote. Data za bledi hazipiti CMC hata kidogo. Zinapita kwenye zile moduli sita za nyuma, A1 hadi C2, zenye nyaya na swichi zake. Watu wengi wakiiona raki yetu wananiuliza, "Huo waya mmoja hausongwi?" Hausongwi, kwa sababu kinachopita humo ni amri na hali tu: washa, zima, joto likoje. Ukijaribu kuubebesha mizigo ndipo utaona. Niliwahi kusimika mfumo endeshi kwenye bledi tano kwa mpigo, picha ya diski iko kwenye laptopu yangu, inavutwa kupitia iDRAC. Nilianza baada ya chai ya saa nne, nikamaliza giza linaingia. Siku hizi nasimika kupitia mtandao wa data, huku kwenye mnyororo nakaa kutazama skrini tu.

Mara ya tatu kosa halikuwa la mtu, ni umbile la mnyororo wenyewe, na kama unapima kununua, hapa ndipo pa kupima. Fundi umeme alikuja jioni kubadilisha kikata umeme cha laini inayolisha chasisi ya juu. Tulikubaliana, bledi zake tulishazihamishia kazi kwingine, kila kitu kwa utaratibu. Akazima. Mimi nipo Mwenge nasubiri chipsi. Simu inatetemeka: chasisi 1 haipatikani. Sawa, naijua. Simu tena: chasisi 2 haipatikani. Chasisi 3 haipatikani. Chipsi nimeziacha mezani nimeshalipia, nikapanda bodaboda, kichwani nawaza zahanati zote. Kufika, chasisi ya pili na ya tatu zinanguruma vizuri, taa za buluu, kila bledi inafanya kazi.

Zilikuwa hai, njia ya kuziona ndiyo iliyokatika. Chasisi ya kwanza ndiyo mlango, na CMC inahitaji umeme ili ipitishe mawasiliano ya wenzake. Ukizima bledi zote lakini umeme wa ukutani upo, CMC inabaki macho na mnyororo unapita. Ukikata umeme wenyewe, kila aliye nyuma yake anaingia gizani. Mnyororo wa pili wa bodi za akiba haukuokoi hapo, maana bodi zote mbili za chasisi ile zinakufa kwa pamoja. Bodi ya akiba inakukinga bodi moja ikiharibika, au waya mmoja ukinyofolewa na mtu anayefagia. Ilishatokea.

Baada ya hapo nikapanga upya nani awe wa kwanza. Tulikuwa tumemweka wa juu awe wa kwanza kwa sababu yuko karibu na swichi, sababu ya kitoto. Sasa mlango ni chasisi ya kati: pawa saplai zake sita zimegawanywa, tatu laini hii, tatu laini ile, kila laini na UPS yake, na tumekubaliana hakuna anayeigusa bila kunipigia. Nimeufundisha pia mfumo wa tahadhari kwamba mlango ukipotea, usinitumie kilio cha walio nyuma yake.

Kwenye umeme nchi yetu ina bahati moja: pawa saplai hizi zinataka volti 200 hadi 240, na za kwetu ni 230 tayari. Bahati inaishia kwenye plagi. Waya zake ni C19, ile nene ya ampea 16, haiingii kwenye soketi ya ukutani ya ampea 13. Waite fundi umeme kabla mzigo haujafika, na siku ya kwanza kuwasha usiangalie LUKU.

Kitu kimoja huwachanganya hata mafundi wazuri: mnyororo wa nyaya na kundi la chasisi ni mambo mawili. Ndani ya CMC unaweza kuteua chasisi moja kuwa kiongozi na nyingine hadi nane kuwa wanachama, ukaziona zote kwenye ukurasa mmoja. Hilo ni jambo la programu, linapita kwenye IP, na halijali kama umezifunga kwa mnyororo au kila moja ina waya wake hadi kwenye swichi. Ukiwa na matundu ya kutosha na hofu kama ya kwangu ile jioni ya Mwenge, peleka kila Gb moja kwa moja kwenye swichi na uunde kundi tu. Kwa chasisi mbili ningefanya hivyo bila kufikiri. Kuanzia tatu kwenda nne, kwenye raki moja, mnyororo unaanza kulipa.

Ukiwa na fedha za kitu kipya zaidi, MX7000 ya mwaka 2018 inafunga hadi chasisi 20 kwenye kundi moja kupitia moduli zake za MX9002m. Ukipata HP c7000 kwa bei nzuri, nayo ina matundu yake ya kuunga juu na kuunga chini, hadi chasisi saba, na lile tundu la juu kabisa lisilo na mwenzake unaweza kulichomeka laptopu kwa matengenezo, wazo zuri ambalo ningependa liwepo hapa. Mimi sina fedha hizo, na ngazi zile sizipandishi tena chuma kingine.

Nyota nne kati ya tano kwa mnyororo. Muuzaji hapati hata moja. Bado tunadaiana, hivyo bei sitaji. Kompyuta mpya kabisa zinaweza kukataa kufungua ukurasa wa CMC yenye fimwea (programu ya ndani ya bodi) ya zamani, kwa hiyo sasisha bodi zote mbili mapema, ziwe toleo moja. Na weka waya wa seri mlangoni mwa raki, kasi 115200, maana siku anwani zikivurugika ndio pekee utakaokusikia.

STK ya chasisi ya mwisho nimeiziba kwa utepe mweusi wa umeme, mizunguko miwili. Juu ya utepe kijana ameandika kwa kalamu nyeupe, kwa mkono wake mwenyewe: "Hatujasahau."